Komoro: Anza na Visiwa vya Mbali, Moroni Iache Mwisho

Anayekwenda Komoro mara ya kwanza kwa kawaida hupanga hivi: siku tatu Moroni, siku mbili Nzwani, siku mbili Mwali, kisha ndege ya kurudi nyumbani. Kwenye karatasi ratiba hiyo inapendeza, lakini baharini huvunjika mapema. Boti huondoka ikijaa, na upepo ukichafuka haiondoki kabisa. Ndege ndogo za kati ya visiwa hubadilishiwa saa au siku bila taarifa ndefu. Ndege ya kimataifa huondokea Hahaya, kaskazini mwa Moroni, na haimsubiri aliyekwama Fomboni, mji mkuu wa Mwali.

Kwa hiyo ukifika Hahaya lala Moroni usiku mmoja tu, badilisha fedha, nunua laini ya simu, kisha uelekee kisiwa cha mbali. Siku za Ngazidja, kisiwa chenye mji mkuu Moroni, ziweke mwisho wa safari. Boti ikichelewa siku mbili, utakachopoteza ni siku mbili za Moroni, wala si tiketi ya kurudi. Na kama una wiki moja, chagua visiwa viwili. Kuvitaka vyote vitatu kwa siku saba ni kutumia likizo yako kukaa juu ya mizigo bandarini. Siku 12 hadi 14 zinatosha kwa vyote vitatu bila mbio.

Tiketi na ramani nyingi huandika majina ya Kifaransa: Ngazidja ni Grande Comore, Nzwani ni Anjouan, Mwali ni Mohéli. Kisiwa cha nne cha funguvisiwa hili, Maore au Mayotte, kiko chini ya Ufaransa na tangu 2011 ni mkoa wake kamili, ingawa Komoro inakidai tangu uhuru wa Julai 1975. Viza ya Komoro haikuingizi huko. Usimsikilize yeyote anayekuambia kuna njia fupi ya mashua kutoka Nzwani. Mashua hizo, kwasa-kwasa, ndizo zinazovusha watu kwa siri tangu Ufaransa ilipoweka sharti la viza mwaka 1995, na zimezamisha watu wengi mno.

Viza ya Komoro yenyewe haisumbui. Hutolewa uwanjani unapofika, huwa ya siku 45, na ada yake imezoeleka kuwa yuro 30. Beba taslimu kamili, kwa sababu chenji hapo ni mtihani. Wakati wa kwenda angalia pasipoti ina zaidi ya miezi sita, shika tiketi ya kurudi mkononi na andika jina la nyumba ya wageni utakayofikia, hata kama ni ya usiku mmoja. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe pia. Ukirudi kupitia nchi nyingine ya ukanda huu unaweza kuulizwa hata kama Moroni hawakuiuliza.

Fedha ni faranga za Komoro, na thamani yake imefungwa kwenye yuro: yuro 1 ni faranga 491.97. Kwa hesabu ya kichwani, faranga 10,000 ni yuro 20 na kitu. Ndiyo maana yuro ndiyo fedha ya kubeba. Dola inapokelewa, lakini utakatwa. Mashine za kutolea fedha zipo Moroni, chache, na siku nyingine hazina noti au umeme umekatika. Mwali usitegemee kabisa. Badilisha Moroni fedha zote za Mwali kabla hujaondoka, na omba noti ndogo za 500 na 1,000, maana dereva wa teksi kijijini hatakuwa na chenji ya 10,000. Ijumaa mambo ya benki yamalize asubuhi.

Kuhusu majira, pepo ni zile zile tunazozijua. Kusi huvuma kuanzia Mei hadi Oktoba, hewa ikiwa kavu na ya ubaridi kidogo. Kashkazi ya Novemba hadi Aprili huleta joto, mvua na wakati mwingine vimbunga: Kenneth kilipiga Aprili 2019, Chido Desemba 2024. Wengi hukimbilia Julai na Agosti kwa kuwa ni kavu, lakini miezi hiyo ina mambo mawili ya kupima. Kusi huwa na nguvu na mkondo kati ya visiwa huchafuka. Halafu Wakomoro wanaoishi Ufaransa, Marseille hasa, hurudi kwa ajili ya ndoa kubwa, hivyo viti vya ndege hujaa na bei hupanda. Chaguo langu ni Septemba na Oktoba. Bahari inaanza kutulia, nyangumi wenye nundu bado wapo pwani ya Mwali, na ndoa za mwisho bado zinachezwa. Mwezi wa Ramadhani chunguza kabla ya kukata tiketi: mchana migahawa mingi hufungwa, na kula barabarani ni kukosa adabu.

Sasa Mwali, na hapa nitakaa kidogo. Ndicho kisiwa kidogo kuliko vyote na ndicho watu hukiruka, nacho kina mengi kuliko ukubwa wake. Njia ya baharini ya kawaida ni kutoka Chindini, ncha ya kusini ya Ngazidja, hadi Hoani. Toka Moroni kabla ya alfajiri, kwa sababu boti za kwanza ndizo zinazokutana na bahari tulivu. Kadiri jua linavyopanda upepo huzidi, na safari ya mchana hukulowesha mwili mzima. Kabla ya kulipa, tazama mambo matatu: kila abiria ana jaketi la kuokolea, injini ni mbili au kuna ya akiba, na watu hawazidi viti. Kimojawapo kikikosekana, subiri boti nyingine. Dawa ya kichefuchefu imezwe saa moja kabla, si baada ya wimbi la kwanza. Simu, pasipoti na fedha zifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kisha mfuko huo uukumbatie. Mzigo mkubwa utawekwa mbele ya boti, mahali panapopigwa na maji zaidi.

Itsamia, upande wa mashariki wa Mwali, ni kijiji cha kasa. Kasa wa kijani hupanda pale kutaga mwaka mzima, na wanakijiji wenyewe ndio walinzi na waongozaji. Pwani ina miamba mipana ya matumbawe mbele yake, kwa hiyo kasa huingia maji yanapojaa. Usiulize tu "saa ngapi tunakwenda". Uliza maji yanajaa saa ngapi usiku huo, upange usingizi wako kwa kufuata jibu hilo. Taa nyeupe ni marufuku. Tochi iwe nyekundu, na simu zizimwe kabisa, maana mwanga wa skrini unatosha kumgeuza kasa aliyekuwa anapanda. Utaratibu ni kukaa chini, mbali, bila kusogea, mpaka achimbe shimo na kuanza kutaga. Hapo ndipo mwongozaji anakuruhusu kusogea, kwa nyuma yake tu. Akishaanza kutaga hastuki kirahisi, lakini akistushwa kabla hurudi baharini na mayai yake, na wewe umeharibu usiku wake na wa wenzako. Kiota kimoja huwa na mayai mia na zaidi, na huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Anayetaka picha ya kasa aende alfajiri: mara nyingi yupo aliyechelewa kurudi majini, na mwanga wa asubuhi haumdhuru.

Upande wa kusini kuna Niumashuwa na visiwa vyake vidogo vilivyo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 2001, ya kwanza nchini. Kisiwa kizima cha Mwali na bahari yake kiliingizwa na UNESCO mwaka 2020 katika orodha ya hifadhi za binadamu na viumbehai. Kodi mashua ya kijiji kwa siku nzima, gawaneni gharama watu wanne au watano, na ulipe ada ya hifadhi ukidai risiti. Miwani ya kuzamia beba ya kwako, kwa sababu za kukodi huvuja. Shati la mikono mirefu la kuogelea nalo ni lazima. Mgongo ulioungua siku ya kwanza hukunyima siku nne zilizobaki.

Popo wa Livingstone ni habari nyingine. Ni mkubwa, mweusi, mabawa yake yakitandazwa hufika karibu mita 1.4, na duniani kote anaishi Nzwani na Mwali tu. Wale popo wa matunda unaowaona jioni juu ya miji si yeye, hata mtu akikuapia. Huyu hulala kwenye miti mikubwa ya miteremko mikali ya milimani. Kumwona ni kupanda saa kadhaa na mwongozaji anayejua mti wenyewe, ukiondoka mapema. Uzuri wake ni kwamba hupaa mchana pia, akielea juu ya hewa ya moto kama mwewe.

Nzwani ina milima iliyochongoka na watu waliobanana. Hapo nenda kwa ajili ya miji. Mji mkongwe wa Mutsamudu ni vichochoro vya mawe ambavyo watu wawili wenye mizigo hawapishani, na juu yake kuna ngome ya mwishoni mwa karne ya 18, iliyojengwa kujikinga na wavamizi waliotoka Madagaska kukamata watumwa. Mizinga bado ipo. Panda saa kumi jioni, ngazi zikiwa kivulini. Meli za Waingereza zilizokuwa zikienda India zilizoea kutia nanga hapa kuchukua maji na matunda, wakikiita kisiwa Johanna. Domoni, upande wa mashariki, ndiyo mji mkuu wa kale zaidi. Una milango ya mbao iliyochongwa na mafundi wa kudarizi ambao kazi zao hazifiki Moroni kwa bei ile ile. Wanawake wa Nzwani huvaa shiromani, kitambaa chekundu na cheupe au rangi nyingine kilichoshonwa vipande viwili. Usimpige picha mwanamke aliyejifunika bila kumwomba, na ukikataliwa usirudie ombi.

Nzwani ndipo palipo viwanda vidogo vingi vya kukamulia langilangi, ua ambalo Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wake wakubwa duniani. Maua huchumwa alfajiri, maana jua likipanda harufu hupungua, na hutiwa kwenye pipa la mvuke siku hiyo hiyo. Kama unataka kuona kazi ikianza, fika saa tatu asubuhi. Ukifika saa nane utakuta moto na kusubiri tu. Kukamua huchukua saa nyingi, na mafuta hutengwa kwa daraja: yanayotoka mwanzo ndiyo ya thamani zaidi, yale ya mwisho ni mazito na ya sabuni. Kwa makadirio, kilo 50 za maua hutoa kama lita 1. Kuni zinazoliwa na mapipa hayo ni nyingi, na vilima vitupu utakavyoviona njiani vina uhusiano na moto huo, pamoja na mashamba yaliyopanda hadi juu. Mito kadhaa ya kisiwa imekauka kwa sababu hizo.

Ngazidja ni kisiwa cha lava. Mvua hunyesha kwa wingi lakini mwamba huyanywa maji yote, na hakuna mto wa kudumu kisiwani. Vijiji huishi kwa maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye matangi. Kwa mgeni maana yake ni moja: usinywe maji ya bomba wala ya tangi, nunua ya chupa, na ukioga usiache maji yakimwagika hovyo, kwa kuwa tangi la mwenyeji likikauka analijaza kwa kununua. Wakati volkano ya Karthala ilipolipuka 2005, majivu yaliingia matangini, na watu wengi wakakosa maji salama huku lava haijawagusa.

Karthala yenyewe ina mita 2,361 na ni volkano hai. Mlipuko wake wa mwisho ulikuwa Januari 2007. Kupanda kwa siku moja kunawezekana kwa wenye miguu ya chuma, lakini sikushauri. Ukungu hufunika kilele kuanzia saa tano hivi, na anayefika mchana huona weupe tu. Panda kwa siku mbili: siku ya kwanza pitia Mvuni na Boboni, ambako magofu ya kiwanda cha mbao bado yamesimama msituni, hadi kambi ya chini ya kilele. Siku ya pili amka kiza kikiwepo, ufike kwenye ukingo jua likichomoza, kisha ushuke. Mlimani hakuna chemchemi, kwa hiyo kila mtu awe na lita 5 hadi 6 za maji. Viatu viwe na soli ngumu, maana lava ni chupa iliyovunjika. Chukua sweta, koti la mvua na begi la kulalia, kwani baridi ya usiku juu huwashangaza wanaotoka pwani. Mwongozaji si hiari: njia hupotea ndani ya miti ya juu, na kushuka ndani ya shimo la kreta bila anayejua ardhi na harufu ya gesi ni kujitafutia balaa.

Moroni ukiipa siku mbili inatosha. Badjanani, mtaa wa zamani kando ya bandari, una msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1427 wenye matao meupe yanayotazama magharibi, kwa hiyo picha ni ya alasiri. Mwanamume akitaka kuingia asubiri baada ya sala, avae nguo ndefu na aombe ruhusa kwa wazee wa barazani. Jumba la makumbusho la taifa ni dogo lakini lina gombesa aliyehifadhiwa, yule samaki wa kale ambaye wanasayansi walidhani ametoweka mamilioni ya miaka mpaka alipopatikana Afrika Kusini 1938. Wa pili alivuliwa Nzwani mwaka 1952, na ikajulikana kuwa wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote. Anaishi kwenye kina cha mita mia na zaidi, hivyo anayekuahidi kumwona kwa kuzamia anakudanganya.

Kusini kidogo ni Ikoni, mji wa masultani, na juu yake jabali ambako mwanzoni mwa karne ya 19 wanawake walijirusha baharini wasitekwe na wavamizi. Watu wa hapo hulisimulia tukio hilo kwa uzito, kwa hiyo si mahali pa kupiga picha za kuchekesha. Kwa kuoga, nenda kaskazini Mitsamihuli na Maludja, au Shomoni upande wa mashariki ambako mchanga mweupe umekutana na lava nyeusi. Pwani zilizo karibu na mji mkuu zina taka nyingi, tuseme ukweli. Pwani za vijijini wanawake huoga na leso na fulana, na mgeni afanye vivyo hivyo.

Ukialikwa kwenye ndoa kubwa, yaani anda, kubali hata kama inavuruga ratiba. Si sherehe ya siku moja. Ni mfululizo wa majlisi, twarab, ukumbi wa wanawake na zifafa ya bwana harusi kupelekwa nyumbani kwa mkewe, kwa maana Ngazidja nyumba ni ya mwanamke na ardhi ya manyahuli hurithiwa upande wa mama. Aliyetimiza anda hupata nafasi yake kijijini: anakaa mahali pake bangweni, yaani uwanja wa mikutano wa kijiji, na anasikilizwa. Mgeni asikimbilie kukaa kwenye baraza za mawe kabla hajaoneshwa pa kukaa. Zawadi ni fedha ndani ya bahasha. Wazee waamkie kwa "kwezi", nao watakujibu "mbona". Kiswahili kitakusaidia sokoni Volo Volo na kwa wazee waliowahi kuishi Unguja au Dar es Salaam, lakini ofisini na hospitali ni Kifaransa. Andika kwenye karatasi, kwa Kifaransa, dawa unazotumia na mzio ulio nao. Malaria ipo, Ngazidja hasa, basi dawa za kinga na chandarua visikosekane, na bima iwe ya kukusafirisha nje kama hali ni mbaya.

Chakula hakihitaji maelezo marefu kwa mtu wa pwani: wali wa nazi, mataba ya majani ya muhogo, samaki wa kuchoma na putu, pilipili kali ya kupakwa kidogo kidogo. Kamba-mawe wa sosi ya vanila agiza asubuhi ule jioni. Mpishi anakwenda kumtafuta kwa wavuvi kwanza. Pombe haiuzwi hadharani ila kwenye hoteli chache, na kutembea nayo barabarani ni kero.

Manunuzi yote yafanye siku za mwisho. Vanila nzuri inapinda kidoleni bila kukatika, ina mng'ao wa mafuta na urefu wa sentimita 15 au zaidi. Iliyokauka kama kijiti imepoteza harufu, na yenye madoa meupe ya unga yanayonuka ukungu imeoza. Ifunge kwenye karatasi ya mafuta ndani ya chupa, usiiweke frijini. Mafuta ya langilangi yajaribu kwa tone moja kwenye karatasi nyeupe: yakiacha doa la grisi kubwa baada ya saa kadhaa, yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Chupa iwe ya kioo cheusi, ufungwe mfuniko wake kwa utepe, na iwekwe kwenye mzigo wa chini ya ndege. Faranga zinazobaki zibadilishe au uzitumie Moroni kabla ya kupanda gari la Hahaya, kwa kuwa nje ya Komoro ni shida kumpata wa kuzinunua.